Shika mwisho wa neno: namna ya kufungua maneno usiyoyajua, kuanzia Kiswahili cha Lubumbashi hadi lugha za mbali

Mtoto wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, ambaye bado hajaanza shule husema "mlango umefungika", "wanapigana", "mama ananipikia", na hakosei. Hakuna aliyemkalisha chini kumweleza kwamba vipande vya mwisho vya maneno hayo vina kazi tatu tofauti. Miaka michache baadaye mtoto huyo huyo anakaa darasani na orodha ya maneno ya Kifaransa: boulanger, boulangerie, manguier, paiement, sulfate. Anayakariri moja moja, kana kwamba kila neno lilizaliwa peke yake bila ndugu. Anatoka jasho kwa jambo ambalo angeweza kulielewa, maana Kifaransa nacho hujenga maneno kwa kuyaongezea mwisho, na kazi hiyo tayari anaijua kwa lugha ya nyumbani.

Mwongozo huu ni kwa ajili yake, kwa mzazi wake anayepokea karatasi ya maabara na kushindwa kuisoma, na kwa kijana anayesomea kemia au anayetafuta kazi mgodini. Lubumbashi ni mahali pazuri sana pa kujifunzia. Tangu mji ulipoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, watu walioitwa kwenye kazi ya shaba walikuja na Kibemba, Kiluba, Kinyarwanda na lugha za Kasai, wakakutana katika Kiswahili. Leo Kiswahili kiko nyumbani na sokoni, Kifaransa shuleni na ofisini, Lingala kwenye muziki, na ukifika mpakani Kasumbalesa unakutana na Kibemba na Kiingereza cha Zambia. Mtu wa hapa ana lugha tatu au nne za kulinganisha bila kutoka kwenye kata yake.

Kipande kinachobandikwa mwishoni mwa mzizi wa neno huitwa kiambishi tamati. Nitakiita pia mkia, kwa ufupi. Tutaanza na Kiswahili na kukaa hapo kwa muda, kwa sababu ukiuelewa mkia mmoja vizuri katika lugha yako, wa lugha nyingine utautambua haraka.

Hatua ya kwanza: tafuta mzizi kabla ya kukata

Usikate neno kwa macho tu. Likikujia neno usilolijua, tafuta ndugu zake wawili wanaofanana nalo kwa mwili na kwa maana. Ukiwa na pikia, pikika na mapishi, unaona kinachobaki ni pik- (hiyo k iliyogeuka sh tutaifikia). Ukiwa na neno moja tu, ngoja. Sahani, jirani, amini na majani yote yanaishia na -ni, lakini hakuna kitu kinachoitwa "saha" ambacho sahani iko ndani yake. Linganisha na nyumbani, shambani, kazini, kanisani: ondoa -ni, kinabaki kitu chenye maana, na kila mara -ni inaleta maana ile ile ya mahali.

Hapo ndipo kipimo kilipo, na kina masharti mawili yanayokwenda pamoja. Mkia ni mkia kama ukiuondoa kinabaki kitu cha maana, na kama ukiubandika kwenye neno lingine unafanya kazi ile ile. Sharti moja likikosekana, una neno zima mkononi, usilipasue.

Andika daftari lako kwa ukoo, si kwa alfabeti. Juu ya ukurasa weka mzizi, chini yake watoto wake wote. Huu hapa ukoo mmoja ninaoupenda, wa kosa. Kosea: kufanya kosa, au kumfanyia mtu kosa. Kosana: kutoelewana na mwenzako. Koseka na kosekana: kutopatikana, kama umeme unavyokosekana jioni. Kosesha: kumfanya mtu akose. Mkosaji, mkosefu, ukosefu. Kisha kuna kosoa. Wengi hawajui kwamba kosoa ni mtoto wa nyumba hii, lakini tazama mwisho wake: -oa ni mkia unaogeuza tendo, kama choma na chomoa. Kukosoa ni kulitoa kosa lililoingia. Anayemkosoa mtu ili kumwaibisha tu hafanyi kile ambacho neno lenyewe linasema.

Hatua ya pili: jua kazi ya kila mkia wa kitenzi

Mkia wa -ia (au -ea) ndio wenye kazi nyingi kuliko yote. Chukua andika. "Ninamwandikia shangazi": shangazi anapokea. "Kalamu ya kuandikia": kalamu ni chombo. "Meza ya kuandikia": meza ni mahali. Na "unalilia nini?" huuliza sababu. Kazi ni nne, lakini zote zinafanana kwa jambo moja: kuna mtu au kitu kimoja zaidi kilichoingia kwenye tendo. Kwa hiyo ukiona -ia jiulize, nani au nini ameongezeka? Ndiyo maana tunasema maji ya kunywa lakini kikombe cha kunywea, chakula cha kupika lakini sufuria ya kupikia, dawa ya kununua lakini pesa za kununulia. Kifaransa hakina mkia wa kazi hii kabisa. Kinatumia maneno madogo yanayosimama peke yake: pour, à, avec, dans. Mwanafunzi anayetafsiri "nilimnunulia" asitafute mwisho wa kitenzi cha Kifaransa, atafute pour.

Mkia wa -wa na ule wa -ika hukaribiana, na watu huchanganya. "Glasi imevunjwa" ina mtu nyuma yake, hata kama hajatajwa, na unaweza kuongeza "na mtoto". "Glasi imevunjika" haisemi nani, na huwezi kuiongezea "na mtoto". Ukiandika malalamiko au ushahidi, tofauti hiyo ni kubwa. Tena -ika husema kwamba jambo linawezekana: barabara inapitika, maandishi yanasomeka, chakula kinalika. Hapa Kifaransa kina ndugu wa karibu, -able na -ible. Mvua ikinyesha sana tunasema barabara haipitiki, na tangazo litaandika route impraticable. Maandishi yanayosomeka ni lisible. Mara ukiona -able au -ible kwenye neno geni la Kifaransa au la Kiingereza, jaribu kulisoma kwa -ika. Mara nyingi maana itakaa.

Mkia wa -isha (au -esha) humfanya mtu mwingine atende, au jambo litokee: lala, laza, kula, lisha, waka, washa, pona, ponya, ogopa, ogofya. Umbo lake hubadilika sana, kazi haibadiliki. Kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi mkia huu unabeba mzigo ambao Mtanzania hauoni. Hapa wengi husema kuuza kwa maana ya kununua, na kuuzisha kwa maana ya kuuza. Basi kule Kasumbalesa, dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam kupitia Tunduma anaweza kusikia mama wa kwetu akimwambia, "Yaya (kaka), nataka kuuza mchele," naye akajibu, "Sawa mama, uko wapi niuone?" Kila mmoja anangoja mwenzake atoe gunia. Hakuna aliyekosea lugha. Kuuzisha kumejengwa kwa mantiki kamili: anayeuzisha humfanya mwingine anunue. Kibemba kinafanya vivyo hivyo: ukushita ni kununua, ukushitisha ni kuuza. Lakini ukiandikia wasomaji wa Tanzania au Kenya, tumia kununua na kuuza, maana pesa zikiingia hapo kutoelewana kunauma.

Mkia wa -ana huwaweka wawili kwenye tendo moja: pendana, salimiana, saidiana. Lingala inao pia, koyeba ni kujua, koyebana ni kujuana, na koyebisa, yenye mkia wa kusababisha, ni kujulisha.

Mkia wa -ua (au -oa) hulirudisha tendo nyuma. Funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua, panga, pangua, tega, tegua, choma, chomoa. Kibemba kinafunga kwa ukwisala na kufungua kwa ukwisula, kinafunga kamba kwa ukukaka na kuifungua kwa ukukakula. Angalia ile l ya Kibemba. Kiswahili kiliimeza zamani, ndiyo maana tunasema fungua na si "fungula", lakini haikupotea kabisa: ongeza mkia wa pili na l inarudi, fungulia, zibulia, nunulia, tolewa. Wanafunzi hulalamika kwamba l hii inatoka wapi. Haikutoka popote, ilikuwemo tangu mwanzo, na jirani Mbemba bado anaitamka.

Mikia ya -ama na -ata imezeeka, haizai maneno mapya, ila inafaa kuitambua. Ya kwanza huonyesha hali ya kukaa vilevile: ganda, gandama, funga, fungamana. Ya pili hushika kitu kwa nguvu: fumba, fumbata, kumba, kumbatia.

Sasa kanuni ya sauti, ambayo ni fupi. Tazama irabu ya mzizi. Ikiwa ni a, i au u, mkia huja na i: pikia, pandika, funzisha. Ikiwa ni e au o, mkia huja na e: semea, someka, chekesha. Mkia wa -ua peke yake una sheria yake: huwa -oa kwa mizizi yenye o tu, na kwa e hubaki -ua. Ndiyo maana ni chomoa lakini tegua. Kibemba kina kanuni iyo hiyo ya i na e: ukushita hutoa ukushitila, kumnunulia mtu, ukulemba, kuandika, hutoa ukulembela.

Hatua ya tatu: soma mikia kwa mpangilio, kuanzia mzizi kwenda nje

Ikiwa mikia ni miwili au mitatu, mpangilio wake ni sehemu ya maana. Mfano bora ninaoujua kwa Kiswahili ni huu: pigania na pigiana. Vipande ni vile vile, mzizi pig-, mkia wa kutendana na mkia wa kutendea. Kwa pigania, watu wanapigana kwanza, kisha kinaongezeka kile wanachokipigana kwa sababu yake: kupigania haki, kupigania ardhi. Kwa pigiana, mtu anampigia mwenzake kwanza, kisha tendo linakwenda pande zote mbili: kupigiana simu. Kubadilishana nafasi kwa silabi mbili kumetutoa kwenye vita na kutupeleka kwenye simu.

Kwa hiyo ukikutana na neno refu kama walipiganishwa, usilisome kwa mkupuo. Anza na piga. Ongeza: pigana. Ongeza: piganisha, kuna mtu anayewachochea. Ongeza: piganishwa, wao ndio waliofanyiwa. Kumbuka kwamba -w- ya kutendwa hupenda kukaa mwisho kabisa, karibu na irabu ya kumalizia. Ukiiona, jua umefika ukingoni mwa mikia.

Hatua ya nne: irabu moja inayogeuza tendo kuwa nomino

Kiswahili kinaweza kutengeneza jina kwa kubadili irabu ya mwisho tu, pamoja na kiambishi cha mbele. Irabu -o hutoa matokeo au chombo: imba, wimbo; cheza, mchezo; nena, neno; ziba, kizibo; fungua, ufunguo. Irabu -e hutoa aliyefanyiwa: tuma, mtume, umba, kiumbe, teua, mteule. Mwisho wa -vu au -fu hutoa tabia: vumilia, mvumilivu, potea, mpotevu, sahau, msahaulifu. Na mtendaji huja kwa njia mbili, -aji na -i. Mchimbaji, msomaji, mchezaji: hapa mzizi unabaki salama. Kwa -i konsonanti ya mwisho hulainika: pika, mpishi, andika, mwandishi, fuata, mfuasi, penda, mpenzi, linda, mlinzi, iba, mwizi, jenga, mjenzi, lewa, mlevi. Ile l iliyomezwa hutokea hapa kwa sura ya z: okoa, mwokozi, nunua, mnunuzi, zaa, mzazi.

Ukishajua mabadiliko haya unaweza kurudi nyuma. Umesoma neno mkombozi na hulijui? Z inaweza kuwa l iliyolala, basi jaribu komboa. Ndilo.

Hatua ya tano: tambua mikia ya kwetu

Kiswahili bora, yaani sanifu, kinasema "sisi hula bukari (ugali) kila siku", kwa kiambishi hu- mbele. Lubumbashi tunasema "tunakulaka bukari", "anatumikaka ku mgodi". Hiyo -ak- ni mkia wa mazoea, na si uharibifu wa lugha kama walimu wengine wanavyowaambia watoto. Ni mkia wa Kibantu wenye umri mkubwa. Lingala inao: nasalaka, huwa nafanya. Kinyarwanda kinao kwa sura ya -ag-: yakoraga, alikuwa akifanya kazi. Hata upande wa Mwanza utasikia watu wakisema "anapendaga". Mwambie mwanafunzi kwamba kwenye mtihani ataandika hu-, na nyumbani aseme -aka bila aibu. Ni kazi ile ile imefanywa mbele upande mmoja na nyuma upande mwingine.

Kwa -ni ya mahali tumekwenda kinyume. Sisi husema mu nyumba, ku soko, pa meza, ambako Kiswahili bora kinasema nyumbani, sokoni, mezani. Ukiandika, kumbuka mambo mawili: usitumie zote mbili pamoja ("mu nyumbani"), na usibandike -ni kwenye majina ya miji. Unaishi Lubumbashi, si "Lubumbashini".

Hatua ya sita: hamia Kifaransa kwa mikia ya barabarani

Mwalimu wa bure ni mabango. Tembea kutoka katikati ya mji hadi soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, ukisoma miisho tu. Boulangerie (mikate), boucherie (nyama), menuiserie (useremala), cordonnerie (viatu), papeterie (karatasi na daftari): -erie ni mahali pa kazi fulani na pa kuuzia bidhaa yake, na maneno haya yote ni ya kike, la. Ukijua bois ni mbao hutaweza kukisia menuiserie, ni kweli, lakini ukijua menuisier ni seremala umepata karakana yake bila kukariri.

Mkia wa -eur ni mtendaji, sawa na m-...-aji yetu. Creuser ni kuchimba, creuseur ni mchimbaji, ndilo jina linalotumika Katanga nzima kwa wachimbaji wadogo. Vendre, kuuza bidhaa, hutoa vendeur, na mwanamke ni vendeuse. Lakini kuna -eur ya pili isiyo mtu: chaleur (joto), largeur (upana), grandeur (ukubwa). Hii hutoa sifa kutoka kwenye kivumishi, na daima ni ya kike. Kipimo: ukiweza kuweka -euse au -trice mahali pake, ni mtu, ukishindwa, ni sifa.

Vivyo hivyo -ment ni mbili. Paiement (malipo) na chargement (upakiaji) zimetoka kwenye vitenzi, ni nomino za kiume. Rapidement (haraka) na lentement (polepole) zimetoka kwenye vivumishi, husema namna. Tazama mzizi ndipo uamue.

Miti inafundisha zaidi. Mangue hutoa manguier, avocat avocatier, banane bananier, citron citronnier, goyave goyavier, na kwa -er tupu papaye papayer, orange oranger. Kiswahili hufanya kazi hiyo mbele: embe, mwembe, chungwa, mchungwa, limau, mlimau, pera, mpera. Hili ni funzo kubwa la kulinganisha lugha: usitarajie kazi ikae upande mmoja. Sisi tunaonyesha udogo mbele, kitoto, na kwa kwetu katoto. Kifaransa kinauonyesha nyuma, camion, lori, na camionnette, lori dogo. Croisette, ule msalaba wa shaba wa Katanga uliotumika zamani kama pesa, ni croix yenye -ette, msalaba mdogo. Angalizo moja kwa -ier: mbali na mti huweza kuwa mtu (cuisinier, mpishi; caissier, mtunza fedha) au chombo (sucrier, cha sukari; cendrier, cha majivu), kwa hiyo muulize mzizi kwanza.

Na sisi wenyewe tuna mkia. Mtu wa Lubumbashi kwa Kifaransa ni Lushois, wa Kinshasa ni Kinois, wa Kisangani ni Boyomais, wa Bukavu ni Bukavien, na wa Goma ni Gomatracien. Hakuna kanuni inayokuambia mji upi unachukua upi, haya yanakaririwa. Kiswahili chetu hakihangaiki: bana Lubumbashi, bana Goma.

Kwa jinsia, kariri haya tu. Miisho ya -tion, -té ya sifa na -erie ni ya kike. -Ment ya nomino na -age ni ya kiume. Utaambiwa kwamba page, plage, image, cage na rage zinavunja kanuni ya -age. Hazivunji. Rudi kwenye kipimo cha hatua ya kwanza: ondoa -age kwenye plage, hakibaki kitu. Si mkia.

Hatua ya saba: herufi tatu zenye kazi tatu, -ite

Nimeuweka mkia huu peke yake kwa sababu katika mji wa shaba unakutana nao hospitalini, mgodini na darasani, na kila mahali una maana yake.

Kwenye karatasi ya daktari, -ite ni uvimbe wenye maumivu au wekundu katika kiungo kilichotajwa mbele yake. Mzizi mara nyingi ni wa Kigiriki au Kilatini, na mizizi kumi hivi inatosha kwa mwanzo. Gastrite ni tumbo, hépatite ni ini, otite ni sikio, arthrite ni viungo, bronchite ni njia za hewa kifuani, conjonctivite ni utando wa jicho, méningite ni ngozi zinazofunika ubongo. Magonjwa haya yote ni ya kike. Mkia haukuambii sababu: hépatite inaweza kutoka kwa virusi au kwa pombe, hivyo kusoma neno hakuchukui nafasi ya kumuuliza daktari. Ila unaingia kwake ukijua ni kiungo gani mnachozungumzia, na unaweza kuuliza swali la maana. Pamoja na -ite jifunze -algie, maumivu, na -ectomie, kukata na kuondoa. Appendicite ni ugonjwa wa kidole tumbo. Appendicectomie ni upasuaji wa kukiondoa.

Mgodini, -ite ni jiwe. Malachite, lile la kijani linalochongwa na kuuziwa wageni, chalcopyrite, bornite, carrollite. Hapa mbele ya mkia unaweza kukuta jina la mtu. Cornetite ilipatikana katika mgodi wa Étoile hapa Lubumbashi, ikaitwa kwa jina la Jules Cornet, mwanajiolojia Mbelgiji. Sengierite, ya mgodi wa Luiswishi, imebeba jina la Edgar Sengier aliyeiongoza Union Minière, kampuni ya migodi ya Katanga. Curite na becquerelite zilitambuliwa kwa mawe ya mgodi wa Shinkolobwe. Haya nayo ni ya kike.

Darasani kwa kemia, -ite iko kwenye familia ya mikia mitatu. Sulfure haina oksijeni. Sulfite ina oksijeni. Sulfate ina oksijeni zaidi. Vivyo hivyo nitrite na nitrate. Hapa -ite ni ya kiume, un sulfite, na jinsia hiyo ndiyo inayokusaidia kuitenga na jiwe na ugonjwa. Asidi zina mikia inayolingana: -ique hutoa -ate, -eux hutoa -ite, -hydrique hutoa -ure. Acide sulfurique, sulfate. Acide sulfureux, sulfite. Acide chlorhydrique, chlorure. Mwanafunzi akiandika mistari hiyo mitatu ndani ya jalada la daftari, nusu ya hofu yake ya majina ya kemia itaisha.

Na mikia hii hukutana. Malachite kwa mchimbaji ni -ite, jiwe; kwa mkemia ni carbonate ya shaba, yaani -ate, ina oksijeni. Chalcopyrite na bornite kwa mkemia ni sulfure. Ndiyo maana mgodini utasikia madini ya juu yakitofautishwa na ya chini, oxydes na sulfures, hata kama majina ya mawe yenyewe yote yanaishia -ite.

Marmite, visite, limite na élite haziingii humu. Ondoa -ite uone kama kinabaki kitu.

Hatua ya nane: jaribu lugha usiyoijua kabisa

Ukitaka kuona jinsi ujuzi huu unavyosafiri, jaribu Kituruki. Göz ni jicho. Gözlük ni miwani. Gözlükçü ni fundi wa miwani. Gözlükçülük ni kazi ya ufundi wa miwani. Mikia inajengwa juu ya mwenzake kama piganishwa yetu, na irabu zake zinafuata mzizi kama zetu zinavyofanya: ev, nyumba, hutoa evler, lakini kitap, kitabu, hutoa kitaplar. Kiindonesia kinakula kwa makan na chakula ni makanan. Minum ni kunywa, minuman ni kinywaji. Kifini kina talo, nyumba, kisha talossa ndani ya nyumba, talosta kutoka ndani, taloon kuingia ndani. Sisi kwa yote matatu tuna nyumbani, na kitenzi ndicho kinachosema kama unakaa, unatoka au unaingia. Kijerumani kina -chen ya udogo, Brot mkate, Brötchen mkate mdogo, na mkia huo hulifanya kila neno kuwa la jinsia ya tatu, hata Mädchen, msichana. Kiingereza kina -er yenye kazi mbili, mtendaji katika teacher na kulinganisha katika taller. Kipimo ni mzizi tena, kitenzi au kivumishi.

Mazoezi

Funika majibu kwa kiganja, fungua kila neno kuanzia mzizi, sema kila mkia unafanya nini.

Hawakupatanishwa. Pata, patana, kuelewana, patanisha, kuwaelewanisha, patanishwa, wao wakifanyiwa. Mbele kuna kanusho, watu na wakati uliopita.

Kizibuo. Ziba, zibua, kutoa kilichoziba, -o ya chombo, ki- ya kitu. Ndicho kifungulia chupa. Kizibo ni kile kinachoziba.

Mfuasi na mfuatiliaji. Wote wametoka kwa fuata: mmoja kwa -i iliyolainisha t kuwa s, mwingine kwa fuatilia kisha -aji, na t ikabaki.

Ukulembela, Kibemba. Lemba, kuandika, -el- ya kumtendea mtu, yenye e kwa sababu ya e ya mzizi. Kumwandikia mtu.

Goyavier. Goyave, pera, -ier ya mti. Mpera.

Nitrate na nitrite. Zote zina oksijeni, ya kwanza inayo zaidi.

Amygdalite. Amygdale ni tezi ya kooni, -ite ya ugonjwa, ya kike. Mafindofindo.